Mstari Nilioufupisha

Usingizi unanikuta kitini baada ya chakula cha mchana, miwani ikiwa puani na vifungo vyote vya shati vimefungwa, kwa maana sijawahi kulala ovyo hata nikiwa peke yangu. Chumba cha pili, mjukuu wangu Wakesho anapiga pasi kizibao cha karani wa uchaguzi, kazi atakayoianza kesho katika shule niliyoiongoza miaka kumi na tisa, nami namwonea fahari kimyakimya, kwani sifa za mbele ya uso humharibu mtoto. Nasikia pasi ikiteleza, inateleza, kisha si pasi tena bali ni nyayo za watu wengi juu ya changarawe, nami natembea pamoja nao, na sebule yangu iko nyuma, mbali, ndogo kama stempu ya barua.

Barabara haina mwisho. Kando yangu anatembea mtu mwenye koti la kijivu, na pale panapopasa kuwa uso pana ngozi tupu, laini, isiyo na tundu. Naogopa, lakini nimefundishwa kusalimu kabla ya kuogopa, basi namsalimu na kumuuliza njia hii inaelekea wapi. Inaelekea kwa wanaotawaliwa, anajibu, sauti ikitoka nisikojua. Namuuliza wanatawaliwa kwa mtindo gani. Kila mji una mtindo wake, Mwalimu, na kila mtindo una njaa yake. Sijamwambia kwamba mimi ni mwalimu.

Mji wa kwanza umesimama juu ya kivuli chake kama juu ya maji, paa likitazama paa, na humo wananchi wanaamua kila jambo kwa kunyoosha mikono, bei ya unga, saa ya kufungua kisima, rangi ya mlango wa zahanati, na mikono imekuwa juu muda mrefu hata mashamba yameota magugu, maana hakuna mkono uliobaki wa kushika jembe. Mama mmoja mnene ananicheka, ananiambia, nyoosha wako na wewe, mzee, au shati limetoboka kwapani? Nageuka kwa aibu, na mji unageuka pamoja nami, na sasa ni mji mwingine ambamo serikali imepanga bei ya kila kitu na kuiandika ukutani kwa mwandiko ambao ningeupa alama zote, sukari rahisi, mafuta rahisi, sabuni rahisi, na chini ya maandishi rafu ni tupu, watu wakizisoma bei kwa sauti ya chini kama wanaosoma majina ya marehemu. Nageuka tena, na huu ni mji ambamo kila kitu kiko sokoni, hata zamu ya kusema, wenye nacho wanahutubia tangu asubuhi na wasio nacho wanafungua midomo pasipo kutoka sauti. Yule mama mnene yumo katika miji yote mitatu, na kila nikimwona uso wake umefifia zaidi, hata katika mji wa tatu sina hakika kama ananicheka. Namuuliza yule wa koti la kijivu ni mji upi wenye haki. Ni ule ambamo aliyeshindwa hurudi nyumbani na uso wake, anasema, na hapo barabara inamwagika ndani ya uwanja.

Uwanja huu naujua. Ni uwanja wa shule yangu, mwaka ule tulipopiga kura kwa kupanga foleni nyuma ya picha za wagombea, na mimi nilikuwa msimamizi. Mistari miwili iko pale pale, mmoja mfupi, mwingine mrefu unaopita milingoti ya goli na kupotelea kwenye ukungu, na mkononi nina rula ya mbao niliyokuwa nikiwagusa nayo watu mabega ili nisikosee, kama nilivyowahesabu wanafunzi kila asubuhi. Hesabu, Mwalimu, anasema yule asiye na uso, kama ulivyohesabu. Namuuliza, wewe ni nani? Uliponigusa bega nilikuwa wa mia mbili na sita, anajibu. Jioni ulipotangaza, mstari wetu ulikuwa na watu arobaini na mmoja. Tangu siku hiyo nakutafuta unitajie mahali nilipokuwa.

Nahesabu. Nagusa bega, nasogea, nagusa bega, na kila ninayemgusa ananigeukia bila uso, na mguu wangu haukubali kusimama, hata nafika mwisho wa mstari na rula inatua juu ya bega ninalolijua. Ni Wakesho, amevaa kizibao chake, uso wake mzima, macho ya marehemu mke wangu. Babu, mimi ni wa ngapi? Ni wa mia tatu na kumi na mbili, nalijua hilo kama nijuavyo jina langu, ila mdomo wangu unatamka arobaini na mmoja. Nyusi zake zinafutika. Babu, mimi ni wa ngapi? Natamka arobaini na mmoja. Pua inazama, midomo inaungana, na macho yanabaki peke yake yakinitazama, nami navuta ulimi kama mtu anayevuta ndoo kutoka kisimani.

Naamka, au naangukia upande huu. Kiti ni changu, jasho ni langu. Wakesho amesimama dirishani, amenipa mgongo, anakunja kizibao, na sauti yake inaniuliza iwapo nimeota vibaya, kwa kuwa nimekuwa nikitaja namba. Nasimama wima kama mbele ya gwaride. Namwambia: mwaka ule wa foleni, mstari mrefu ulikuwa na watu mia tatu na kumi na wawili, na mfupi arobaini na mmoja. Mkubwa mmoja aliniambia nibadilishe, nikabadilisha. Mikono yake inaacha kukunja. Sithubutu kusogea, nangoja ageuke nimwone uso.