Suti ya Kizimbani

Fundi cherehani aliwadharau wote waliokuwa mle mahakamani, kuanzia jaji hadi karani aliyekuwa akipiga miayo kama kiboko. Mwendesha mashtaka ndiye aliyemchefua zaidi: koti limembana mgongoni, mshono wa kwapa umeachia, halafu anajitia kufundisha watu sheria! Mtu hajui hata saizi yake mwenyewe.

Mwanawe alisimama kizimbani kwa kesi ya mauaji. Vijana wakubwa wa mtaani walivunja duka, mlinzi akauawa, wao wakatimua mbio. Akanaswa yeye, waliyemwacha nje aangalie njia. Mtoto wa miaka kumi na mitano! Siku hiyo jaji alikuwa aamue jambo moja tu: mtoto ahamishiwe mahakama ya watoto, au abaki hapa na majambazi wenye ndevu. Cheti cha kuzaliwa kiliteketea nyumba ilipoungua. Daktari wa kupima umri, eti, yuko likizo.

"Mahakama ina macho," jaji alisema, akavaa miwani.

Macho yenyewe ndiyo hayo! Fundi akabetua midomo. Hakuwa na wasiwasi hata chembe. Alikuwa amemshonea mwanawe suti ya kisawasawa, akamtilia na pedi mabegani, ili wakubwa hawa wajue ametoka kwa watu.

"Mheshimiwa, hebu yatazame mabega yale," mwendesha mashtaka alisema. "Huyo ni mtoto?"

Jaji akatazama. Fundi naye akatazama. Kizimbani palisimama mwanamume mzima, mpana, na aliyemshona ni yeye.

"Ni pedi hizo!" akapiga kelele. "Mwanangu, vua koti! Itazameni na suruali, nimeacha upindo mkubwa, bado anakua!"

Mtoto akashika kifungo, askari akamshika mkono.

"Mama, kaa chini au utolewe," jaji alisema. "Mahakama imeridhika kuwa mshtakiwa ni mtu mzima." Akavua miwani, kazi kwisha.

Basi kesi ikawa ya kupigwa kalenda. Leo shahidi hayupo, kesho jaji ana semina. Kila mara mtoto aliletwa kutoka gereza la wakubwa na suti ile ile, na kila mara soksi zilionekana zaidi. Mwishowe askari jela mmoja akamruhusu fundi aichukue suruali. Akafumua upindo, akaushusha wote, akilia na kuwatukana hadi mashine ikanyamaza.

Siku ya kusikilizwa ilipofika, jaji alimkazia macho mshtakiwa. "Ndiye yule yule? Namkumbuka mfupi."

"Ndiye, mheshimiwa," mwendesha mashtaka akajibu bila haya.

Jaji akaandika, akaita shahidi wa kwanza. Fundi alitamani kuwatemea mate. Kisha akaangalia miguu ya mwanawe. Soksi zilikuwa zimeanza kuonekana tena, na upindo ulikuwa umekwisha.