Mifupa Tuliyoililia

Isidori ni katekista wa kigango chetu hapa Litumbandyosi, na tatizo lake ni moja: hajawahi kukosa jibu. Mwaka jana alikuwa akichimba ngoro, yale mashimo ya kulimia kwenye mteremko, jembe lake likagonga mifupa mizito kama mawe. Mtu mwingine angeuliza. Isidori alitangaza kabla jua halijazama kwamba babu yake, Mzee Kilian, aliyekwenda kurina asali zamani na asirudi, amepatikana.

Na sisi tukakubali, maana shangazi yake Agripina, binti wa huyo Kilian, alikuja mbio pekupeku, akaukumbatia mfupa wa paja na kulia. Nani angeanza kupima mfupa mbele ya kilio kile? Paja lilikuwa nene kupita la ng'ombe. Isidori akasema wazee wa zamani walikula vizuri. Tukaifunga mifupa sanda, tukaitia kwenye jeneza, tukazika, tukasimika msalaba wenye jina, tukanywa pombe ya komoni mpaka matanga yakaanuliwa.

Mwezi uliopita wakaja watafiti wa mifupa ya kale. Mkuu wao, dada mmoja aitwaye Herieth, alitukusanya shuleni akatuonyesha kwenye kompyuta mnyama waliyemuunda upya kutokana na vipande vilivyopigwa picha na mashine. Alikuwa na mwili wa kiboko mdogo, mdomo wa kobe, na meno mawili marefu yaliyotokeza nje. Aliishi bondeni kwetu, alisema, zaidi ya miaka milioni mia mbili iliyopita, na mifupa yake imegeuka mawe. Akaomba aliyewahi kuona kitu cha namna hiyo aseme bila hofu. Ambacho hatutaki kiguswe hakitaguswa.

Wote tukainamia miguu yetu. Agripina peke yake ndiye aliyeendelea kutazama picha, akasema kwa fahari kwamba hata baba yake alikuwa na mifupa mizito namna hiyo.

Isidori akainuka akatoka. Tulidhani ametoroka aibu, na kwa kweli tungemwelewa. Lakini alirudi amebeba kitu ndani ya kitenge cha mkewe, akakifungua mezani. Lilikuwa jino, refu kama mkono wa mtoto, sawasawa na yale ya kwenye picha. Alikuwa amelificha darini tangu siku ya mazishi.

"Shangazi, nililiona kabla hatujazika," alisema. "Watu walikuwa wameshafika, na wewe ulikuwa unalia. Nikaona haya kuwarudisha watu makwao."

Huyu ndiye anayetuhubiria kila Jumapili kuhusu uongo. Alisimama pale shingo imezama mabegani, na hakuna aliyemcheka. Tuliobeba lile jeneza tulijua uzito wake.

Agripina alilishika jino, akaligeuza, akampa Herieth. Hakupiga kelele. Angepiga, tungepumua.

"Kila aliyepanda kutoka bondeni nilikuwa namuuliza habari za baba," alimwambia Isidori. "Tangu siku ile nimeacha. Mwaka mzima hakuna aliyemtafuta."

Isidori akapiga magoti kwenye sakafu ya darasa, akaomba msamaha kwa sauti ambayo hatukuizoea. Shangazi alimgeukia Herieth, akamuuliza kama bado wataendelea kuchimba huko chini. Herieth akasema ndiyo, bado wapo.

"Basi mwanangu, mkimkuta mtu mfupi, mwenye bangili ya shaba mkono wa kushoto, huyo msimweke kwenye kompyuta. Huyo ni wangu."

"Nimesikia, bibi," alisema Herieth.

Isidori alikuwa bado amepiga magoti, na kati yetu sote hakuna aliyekuwa na uso wa kwenda kumwinua.