Alama Iliyotazama Barabara

Usimwambie mtu wa Bunia kwamba barabara inapanuliwa kwa faida yake. Mwambie baada ya vumbi kutulia. Siku walipoanza kubomoa duka la zamani karibu na soko, vumbi lote lilitua ndani ya sufuria ya maharagi ya kuuza ya Mama Godelive, naye akanyanyuka na mwiko mkononi, tayari kutukana. Tusi lenyewe halikutoka. Krepi, ile simenti inayopakwa juu ya ukuta, ilikuwa imeanguka upande wa barabara, na chini yake yakaonekana matofali saba. Kila moja lilikuwa na alama: duara kubwa, na ndani yake duara dogo.

Mwiko ulimponyoka.

Alama ile aliijua yeye na mume wake Adolphe tu. Adolphe alikuwa mfyatua matofali kule Bule. Wafyatuaji wa kule walizoea kuchoma pamoja katika tanuru moja, kwa hiyo kila mtu alikuwa na muhuri wake wa mti, ili tanuru ikifunguliwa ajue yake ni yapi. Wa Adolphe ulikuwa duara tupu. Alipozaliwa binti yao Falone, Adolphe akachukua kisu akachonga duara dogo katikati. “Huyu njo mutoto, iko ndani yangu,” alisema, akacheka peke yake. Akafyatua, akapiga muhuri mpya, mara hii akachoma bila wenzake, akaziba tanuru kwa udongo. Kesho yake vita ikafika. Godelive akakimbia na mtoto mgongoni. “Tangulieni,” Adolphe alisema, “niko nakuja.” Hakuja.

Miaka ishirini na moja! Maiti hakuna, barua hakuna, hata uvumi wa kueleweka hakuna. Na Emery, mdogo wa Adolphe, alikataa katakata kilio cha matanga kuwekwa. “Muntu hatukuona maiti yake, utamulilia namna gani? Unataka kuita kifo?” Basi Godelive hakunyolewa nywele kama mjane, wala hakuwa mke wa mtu. Kila jioni aliweka sahani ya Adolphe mezani, na kila jioni aliiondoa safi. Hakutaka utajiri, hakutaka kisasi. Alitaka kujua, basi. Na sasa alikuwa anajua jambo moja: tanuru ile iliyozibwa, kuna mtu aliyeifungua.

Alimwendea Fulgence, fundi aliyesimamia ubomoaji.

“Papa Fulgence, hii matofali ilitoka wapi?”

Fulgence alichuchumaa mbele ya ukuta, akapangusa vumbi kwa kiganja. “Mama, hata miye inanishangaza. Alama ya tofali tunailalisha ndani ya simenti, haionekane tena. Angalia zingine zote, unaona alama? Lakini hii saba, fundi aliisimamisha kwa ubavu, uso inje, kwa barabara. Ile inaregeza ukuta. Fundi hafanye vile kwa kukosea. Alitaka ionekane.”

“Ni nani alijenga?”

“Muzee Abdoul, wa kule Nyakasanza. Iko muzima bado. Lakini ni muntu ya kimya sana yule.”

Fulgence alimtolea tofali moja. Godelive akalifunga ndani ya kikwembe, kitenge chake cha kiunoni, akaacha maharagi yaungue.

Falone alipolisikia jambo hilo alisimama mlangoni kumzuia mama yake. “Mama, unaenda kuuliza muntu kama yeye njo aliua papa? Na akisema ndiyo? Utafanya nini? Twende kwanza kwa polisi.”

“Polisi wataandika. Miye sitaki kuandikiwa.”

“Basi tunaenda wote.”

Walipanda pikipiki moja wote wawili. Njia nzima Godelive alilibana tofali tumboni, na maneno aliyokuwa ameyapanga yakawa yanamtoroka moja moja. Aliogopa. Mtu asije akasema hakuogopa! Mkojo ulimbana kama mtoto wa shule.

Walimkuta Muzee Abdoul uani, ameketi juu ya mkeka, anamenya karanga. Hakukuwa na mtu mwingine. Aliitikia salamu yao vizuri tu, mpaka macho yake yalipofika kwenye kikwembe. Karanga zikabaki mkononi.

“Wamevunja krepi,” alisema. Hakuwa anauliza.

Godelive alifungua kikwembe, akaweka tofali juu ya mkeka, alama juu. Yale maneno ya adabu yote yakapotea, likabaki moja.

“Ulimuua?”

“Hapana, mama. Haki ya Mungu, hapana.”

“Sasa alama ya bwana yangu uliipata wapi?”

Mzee alijiinua polepole, akaingia ndani, akavuta pazia. Walisikia sanduku likiburutwa. Falone aliona panga limeegemea ukutani, karibu na mlango, akamshika mama yake mkono. “Mama, twende. Anaenda kutoa nini mule?”

“Nenda weye. Miye nimengoja ya kutosha.”

Hakuna aliyeondoka. Pazia likafunguka. Abdoul alikuwa na kopo la maziwa ya unga, limeota kutu. Ndani ya kopo mlikuwa na kitambaa, na ndani ya kitambaa kipande cha mti, cheusi kwa jasho la mikono. Godelive alikijua kabla hakijawekwa chini. Alikipokea, akakigeuza, akakibandika juu ya tofali. Duara liliingia ndani ya duara, na dogo ndani ya dogo.

“Ilikuwa mufukoni mwake,” Abdoul alisema. “Siye tulikuwa tunakimbia, tukapita pale Bule. Alikuwa amelala mbele ya tanuru yake, risasi mugongoni. Tanuru ilikuwa na joto kidogo bado. Nilimuzika pembeni. Nikafungua tanuru, nikamujengea kaburi na matofali yake mwenyewe. Vita ilipotulia nikarudi na kamyo, nikabeba yenye ilibakia. Niliiuza kwa mwenye duka ile. Nilikula, mama, sitakudanganya.”

“Na kinywa? Kinywa haukuwa nacho?”

“Niliogopa. Wakati ule, ukisema niko na vitu vya mufu, wewe njo muuaji. Jina yake sikuijua, nilijua alama tu. Nikaweka saba kwa barabara, nikasema mwenyewe atapita, ataona, ataniuliza. Mwenye duka akaleta krepi. Nilimuomba aache ile upande. Alinicheka. Akapaka.”

“Miaka makumi mbili na moja!” Godelive alipaza sauti mpaka kuku wakatawanyika. “Uliogopa! Weye uliogopa! Miye ningali naweka sahani yake, muzee! Sahani! Na niliuza maharagi mbele ya ukuta ule miaka munane!”

Abdoul aliinamisha kichwa. Machozi yalimdondoka juu ya karanga, hakuyapangusa. “Unipeleke kwa polisi, nitaenda. Lakini kwanza nikuonyeshe kaburi. Mahali napajua vizuri. Na kuna kitu kingine. Nilimuosha, nikamuombea, nikamulaza kama tunalaza watu wetu, uso upande wa Makka. Sikujua dini yake. Unisamehe kwa ile.”

Hapo Godelive nusura acheke, na kicheko kile kilimuuma kuliko yote. Adolphe, aliyesinzia hata kwenye misa ya Noeli! Mtu asiyemjua jina alikuwa amemwosha, amemlaza, amemwombea, halafu akamwibia matofali yake. Utamlaani nusu na kumshukuru nusu? Hakusema nimekusamehe. Hakusema sijakusamehe. Aliketi palepale juu ya mkeka, miguu imenyooka, muhuri mapajani.

Kisha akafungua kilemba chake. Nywele zikatoka, ndefu, nusu zimeota mvi.

“Falone, pigia baba yako mudogo simu.”

Falone alitoa simu huku analia. “Nimuambie nini, mama?”

“Muambie kilio inaanza leo. Akuje na wembe.”