Mstari wa Tope wa Avenue ya Migazi

Mstari ule niliupiga mimi. Nasema mapema kwa sababu wapo mtaani wanaopenda kusema "tuliupiga", kana kwamba mikono yote ya Avenue ya Migazi ilikuwa ndani ya beseni. Hapana. Mita ya kushonea ilikuwa yangu, udongo niliuchota mimi, na majivu ya kuufanya ushike ukutani yalitoka jikoni kwangu. Marie-Jeanne, jirani yangu wa mlango kwa mlango, alishika beseni tu na kucheka.

Ulikuwa mwaka ule ziwa Tanganyika lilipopanda. Wale wa chini yetu, kando kabisa ya ziwa, walipoteza nyumba kweli, na juu yao sina mzaha. Kwetu maji yalifika kwenye kizingiti cha nyumba ya kwanza, ya mzee Antoine, yakalowesha mkeka wake, yakarudi. Halafu ikasikika kwamba watu wa msaada wanakuja na simu zao za kuandikia majibu. Sisi wa Uvira tumeulizwa maswali na kila aina ya shirika: ya vita, ya kipindupindu, ya mafuriko. Kujibu tunajua, na anayesema kidogo hupata kidogo. Basi siku moja kabla hawajafika nilipita nyumba zote kumi na tisa, nikapima mita moja kutoka ardhini, nikapiga mstari wa tope chini ya upenu ambapo mvua haifiki. Nilipima vizuri. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu Kimanga, na mkono wangu haujui kupima ovyo. Tukapata turubai, masufuria na bidoni za maji, tukacheka wiki nzima.

Mwaka huu akaja injinia Thierry. Kiwanja cha ndege cha mji, kile cha udongo ambapo mbuzi hulisha kati ya ndege moja na nyingine, kilitakiwa kirefushwe. Kabla ya kurefusha, sheria inataka uchunguzi: kelele itakuwa kiasi gani, maji ya mvua yatamwagwa wapi, nani anaishi karibu na anaishije. Thierry ndiye aliyetumwa upande wetu. Kijana wa adabu, alivua kofia mlangoni. Macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye ule mstari.

"Mama, mayi ilifika hapa?"

Ningesema hapana, mambo yangeishia pale. Lakini mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi.

"Ilifika, papa. Wiki tatu tulilala inje."

"Pole sana, mama."

"Na batoto bote baliharisha."

Hilo la kuharisha nilimwongezea bila kuombwa. Nikampa na kiti. Akapima, akapiga picha, akaandika "mita moja", akaenda kwa Marie-Jeanne, naye akatia chumvi yake. Jioni tulikubaliana kwamba safari hii bila shaka wataleta mabati.

Mwezi wa tisa shefu wa avenue, Gédéon, akanifuata mpaka Kimanga. Yule haji kibandani kwangu ila suruali yake imepasuka, na siku hiyo suruali ilikuwa nzima. Alikuwa na karatasi ya Kifaransa, ripoti ya uchunguzi wa akina Thierry. Akaisoma mstari kwa mstari, akinigeuzia kwa Kiswahili, na sauti yake ilizidi kushuka. Avenue ya Migazi yote iko katika eneo la hatari. Maji hupanda huko mpaka mita moja. Si mahali pa mtu kuishi. Kwa hiyo mfereji mkubwa wa kiwanja cha ndege utapita hapo, na wakaaji wataondolewa kwa usalama wao wenyewe. Na kwa kuwa eneo lenyewe halifai kujengwa, hakuna atakayepewa kiwanja kingine cha kujenga.

"Kwa usalama wetu," nikasema.

"Njo vile banaandika." Akaikunja karatasi. "Mama Laure, ile mustari..."

"Nyamaza, shefu."

Mguu wangu ulikuwa bado juu ya pedali, ukikanyaga wenyewe, na sindano ilikuwa ikipanda na kushuka bila nguo. Niliogopa. Sijui namna nyingine ya kulisema. Nyumba ile aliijenga marehemu mume wangu Osée, tofali kwa tofali, na ndiyo pekee niliyo nayo na watoto wangu watatu. Huko Bijombo kwa ndugu zake hakuna hata pembe ya kulaza kichwa. Nyumba nyingine kumi na nane nazo nilikuwa nimezibeba mimi, kwa ufundi wangu na mita yangu. Tangu siku hiyo kila lori lililopunguza mwendo barabarani nilitoka nje kuliangalia. Chakula kilikuwa kama mchanga. Mdomo huponza kichwa, na wangu ulikuwa umeponza vichwa vya watu zaidi ya mia.

Kabla ripoti haijapigwa muhuri, ilibidi wananchi wasikilizwe. Wakatuita kwenye ukumbi wa kanisa, Songo. Nikamwambia Marie-Jeanne nitasema kweli.

"Weye uko wazimu? Batatufunga."

"Na nyumba?"

Alikuwa akimenya mihogo. Akaweka kisu chini. "Sawa. Weye anza. Minye nitasimama nyuma yako. Haki ya Mungu."

Siku ya mkutano, mezani aliketi bwana mmoja wa kutoka mkoani, amevaa suti katika joto lile, Thierry pembeni yake na mafaili. Polisi wawili walikuwa mlangoni. Nilisimama nikiwa nimeshikilia benchi la mbele.

"Minye njo nilipiga ile mustari. Mayi haikufika kwetu."

Watu wakacheka. Bwana wa suti naye akatabasamu. "Mama, kila mahali ni vile vile. Kwanza maji yalifika. Mukisikia kuhama, maji hayakufika tena."

"Nilipima mwenyewe," akasema Thierry bila kuinua kichwa. "Nyumba kumi na tisa, kila moja mita moja."

"Njo hiyo!" Hofu yenyewe ilinisukuma. "Avenue yetu inapanda, papa. Toka kwa mzee Antoine mpaka kwangu unapanda urefu wa bantu babili. Kama mayi ilifika mita moja kwangu, kwa mzee ilifunika bati. Lakini kwake pia uliandika mita moja. Mayi gani inapanda mulima? Nilipima mulango kwa mulango, na hii." Nikaivua ile mita shingoni, nikaiinua.

Thierry alifunua karatasi ya kwanza, ya pili, akarudi kwenye ya kwanza. Shingo yake ililowa jasho. Alijua. Nawaambia alijua, na kwa muda wa kutunga uzi kwenye sindano nilidhani tumeokoka.

Bwana wa suti akavua miwani. "Kwa hiyo ile misaada ya watu waliopoteza nyumba zao, ninyi muliichukua kwa uongo. Huo ni wizi." Akaomba karatasi nyeupe. "Haya. Anayesema sawa na mama huyu asimame, ataje jina, tumuandike. Tutapima upya. Na hao tuliowaandika, tutajua la kuwafanya."

Polisi mmoja akaingia ndani, akafunga mlango nyuma yake. Niligeuka. Marie-Jeanne alikuwa akiangalia kidole gumba cha mguu wake kama vile ameazimwa.

"Marie-Jeanne," nikamwita.

Akasimama. Mungu wangu, nilivyofurahi.

"Kwangu mayi ilifika ku dirisha," akasema. "Huyu mama, tangu bwana yake alikufa, kichwa yake haiko sawa."

Akaketi. Akasimama shefu Gédéon: ilifika. Akasimama mwingine, na mwingine. Akasimama mzee Antoine, aliyelowa mkeka tu, akaapa kwamba aliogelea chumbani mwake. Hakuna aliyeniangalia. Mtu mwema angesema hawalaumu. Mimi nawalaumu, na Marie-Jeanne simsalimu mpaka leo. Lakini niliona kila mmoja akimtazama polisi kwanza kabla ya kufungua mdomo.

"Umebaki peke yako, mama," akasema bwana wa suti, taratibu kabisa, na huo upole ndio ulionitisha zaidi. "Chagua. Tuandike kwamba ulidanganya watu wa msaada, au tuandike kwamba maji yalifika?"

Polisi alikuwa amesogea karibu nami. Nilisikia harufu ya mkanda wake wa ngozi. Nikawaza kasho, kile chumba cha mahabusu, na Laure na wadogo zake wakiniletea ugali dirishani, na nani atawapikia huo ugali. Nikamtazama Thierry. Neno lake moja lingetosha. Yeye ndiye aliyesoma, na mteremko wote wa avenue yetu ulikuwa mbele yake kwenye ramani. Hakuinua macho.

"Ilifika," nikasema.

Thierry akaandika. Aliandika upesi, kalamu ikikwaruza, kama mtu anayeogopa nisije nikabadili maneno.