Nzohe wa Kyarutare

Picha ya kwanza Avit aliipata siku ya kumi na saba ya kukaa kwenye tope. Nzohe dume, swala wa majini mwenye kwato ndefu, alikuwa amesimama katikati ya mafunjo ya bonde la Kyarutare, huku Muleba, akitafuna kwa utulivu wa mwenye kibanja chake cha migomba. Kamera ilikuwa kuukuu, Avit aliachiwa na mzee Mulji wa Bukoba alipofunga studio, na kila ilipobonyezwa ililia kama bawaba yenye kutu. Nzohe aliinua kichwa, akamtazama, akaendelea kutafuna.

Ashtuke nini? Nzohe ni muziro wa ukoo wa Avit. Hawamli, hawamuui, hata ngozi yake hawaikalii. Mnyama yule hakuwahi kufundishwa kuogopa watu wa pale.

Juu ya bonde ndiko kwenye rweya, uwanda wa nyasi usio na hati ya mtu, ambako wanawake hulima njugu mawe. Dada yake Jovita, mjane, alikuwa na shamba lake pale, na hakuwa na lingine. Sasa mwekezaji mmoja aliitaka rweya yote apande misonobari, na mkutano ulikuwa Jumanne.

"Nimempata," Avit alimwambia jioni ile, akimwonyesha kwenye kioo cha nyuma ya kamera.

Jovita alikuwa anamenya ndizi. "Huyo si ndiye aliyenilia majani ya maharage juzi? Siku kumi na saba majini, unamtafuta anayekuja kwangu bila kuitwa."

"Wakubwa hawajui kama yupo. Wakijua, misonobari haipandwi. Sheria inamlinda."

"Yeye. Na mimi je?"

"Jirani yake ni wewe, waitu, dada yangu. Akilindwa yeye, umelindwa."

"Baba, wawindaji walipokuwa wakimuuliza, alisema hajawahi kumwona nzohe tangu azaliwe."

"Baba hakuwa na kamera."

"Alikuwa na akili."

Avit alizima kamera. Alikuwa na kumbukumbu ndefu kuliko usingizi wake. Mwaka themanini na saba wakubwa walikuja wakasema rweya ni ranchi. Elfu mbili na nne wakasema ni msitu. Kila walipokuja walikuja na karatasi, na kila walipokuja kijiji kilikuwa mikono mitupu. Safari hii kijiji nacho kingekuwa na karatasi: picha kubwa, iliyosafishwa Bukoba, inayong'aa.

Siku ya Jumanne, mkutanoni, Ndyamukama, ofisa wa mradi wa mabonde, aliipokea kwa mikono miwili. "Huyu tuliambiwa ametoweka huku. Umempiga wapi hasa?"

Na Avit, mtoto wa baba aliyedanganya wawindaji miaka arobaini, alisimama akanyoosha kidole. "Pale chini, karibu na shamba la dada yangu. Kila asubuhi yupo."

Mwekezaji alikunja ramani yake, akatoka. Wanawake wakapiga vigelegele. Ndyamukama alisubiri viishe.

"Kwa hiyo, kuanzia mafunjo hadi barabarani ni makazi ya mnyama adimu. Misonobari haitapandwa. Wala njugu. Wala mbuzi asionekane. Ni siku thelathini."

"Siku thelathini za nani?" aliuliza mzee Bartholomayo.

"Zenu, mzee. Za kuondoka."

"Yupo hai kwa sababu sisi tulimwacha hai," Avit alisema.

"Na taifa linawashukuru. Una picha nyingine?"

Jovita, aliyekaa mbele kwenye mkeka, aligeuka akamtazama mdogo wake. Mfukoni mwake, ndani ya kadi ya kamera, Avit alikuwa na picha mia tatu.

"Sina. Ni hiyo moja."

"Moja inatosha."

Bikoni za mpaka zilisimikwa kabla siku thelathini hazijaisha. Yule wa misonobari akarudi na ramani mpya, safari hii ya kambi ya mahema, na wageni wake wa kwanza wakawa wanangojewa mwezi ujao. Watu walisema baadhi yao watakuja na bunduki na kibali. Nani angebisha?

Jovita aling'oa njugu zake zikiwa hazijakomaa. Avit alipofika kumsaidia, dada yake alimfungulia kiganja: maganda meupe, laini, ndani maji matupu.

"Piga na hii."

Avit alidhani anamsuta. Lakini mkono wa Jovita haukushuka.

"Piga. Ulisema wanaamini picha."

Akapiga. Kamera ililia, na chini ya mteremko nzohe, aliyekuwa ametoka hadi kwenye nyasi fupi, akainua kichwa.

Jovita alimwaga maganda, akaokota jiwe. Avit hakuwahi kuona mtu wa ukoo wao akimwokotea nzohe jiwe. Alilirusha kwa nguvu zake zote, likatua hatua moja kutoka kwenye kwato.

"Kimbia," alimwambia mnyama. Akaokota jingine. "Wanakuja. Kimbia, mpumbavu wewe."

Nzohe alilinusa lile jiwe, kisha akaendelea kula.