Mahali pa Baridi

Daktari wa Eldoret alipomwambia Kiprop kwamba saratani ya koo haina dawa tena, Kiprop hakuomba padri wala hakuita ndugu zake. Aliomba bia. Si bia yoyote. Zile zake mbili, alizoziweka Kakuma miaka sita iliyopita.

Mkewe, Nekesa, hakuwa mtu wa kubembeleza. Alikuwa na diploma ya maabara, alishapima makohozi ya nusu ya Lodwar, na alijua "mrudisheni nyumbani" maana yake nini. Alimtazama mumewe akimeza mate kwa kukunja uso, akakadiria: wiki moja zaidi na hata uji hautapita. Kama ni kunywa, ni sasa.

Mwaka ambao binti yao Jepkoech alianza shule, Kiprop alikuwa akifundisha kemia katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Alirudi kutoka Nairobi na katoni ya bia za kila aina, akazipanga mezani kama anayesahihisha mitihani. Hii nyepesi, inyweni leo, haina umri. Hii iko kwenye chupa nyeupe, mwanga utaiua. Hii ni kali lakini imechujwa mno, haina uhai ndani. Zilibaki mbili, nyeusi tii, kali, zenye mashapo ya hamira chini. Hizo ndizo za kukomaza, alisema; zisimame wima, zisitikiswe, mpaka Jepkoech amalize shule. Nekesa alimwambia bia si mbuzi wa mahari, haifugwi. Kiprop alicheka tu.

Lodwar zisingedumu, nyumba yao ya mabati ilikuwa tanuri. Akazipeleka kwa Adau, mama wa duka kutoka Sudan Kusini aliyesali nao kanisa moja. Nyuma ya duka Adau alikuwa na stoo ya udongo, nusu yake imechimbwa chini ya ardhi, ya kuwekea mtama. Kila mwisho wa mwezi Kiprop aliingia humo kuzitazama chupa zake, kama anayejulia hali wagonjwa.

Sasa mgonjwa alikuwa yeye. Ijumaa asubuhi Nekesa alimpigia Adau simu, akamweleza kwa ufupi: Baba Jepkoech hali yake ni mbaya, anataka bia zake. Jua lilikuwa limewaka wiki nzima, na alihofia Adau angezitoa stoo mapema na kuziacha kaunta. Akaongeza, "Ziweke tu mahali pa baridi. Nakuja kesho."

Jumamosi saa tatu alikuwa Kakuma. Adau alikuwa ameketi juu ya kreti, mikono mapajani, na hakuinuka kumsalimia. Alimwonyesha beseni. Ndani mlikuwa na vipande vya glasi ya kahawia na mabonge mawili ya barafu nyeusi, yakiyeyuka.

Dukani kwa Adau, kama maduka yote ya huko, mteja wa soda huulizwa swali moja: moto au baridi? Moto ni ya rafuni, baridi ni ya friji. Adau alikuwa amejifunzia Kiswahili chake hapohapo kaunta, na neno hilo halikuwa na maana nyingine kwake.

"Mama Jepkoech, wewe sema baridi," alisema. "Mimi nafikiri, huyu mwalimu nakufa, yeye apate baridi kabisa. Mimi natia kwa friza."

Nekesa alingoja hasira imjie. Haikuja. Adau alikuwa amefanya alichoambiwa.

Adau alimsihi wachuje kwa kitambaa, hata mara tatu. Nekesa alikataa. Koo lile lilikuwa kidonda kitupu. Chembe moja ya glasi ingetosha. Akainua beseni kumwaga uani, ukingo ukamponyoka, na nusu ya bia ikamlowesha leso aliyojifunga kiunoni. Iliyobaki ilinywewa na mchanga. Nyuma yake Adau alikuwa akirudia "malesh, malesh", samahani ya kwao. Nekesa aliivua leso, akaiviringisha, akaitia mkobani.

Njia nzima alitunga uongo. Zimeibiwa. Stoo imebomoka. Adau amekosea, huo ungekuwa nusu ukweli.

Alimkuta Kiprop ameegemea mito. Kwenye stuli palikuwa na bilauri aliyoipangusa mwenyewe.

"Zimepasuka," Nekesa alisema kabla hajavua viatu. "Adau alizitia friza."

"Nani alimwambia friza?" Sauti ilikuwa mkwaruzo.

"Mimi. Nilimwambia mahali pa baridi."

Kiprop alifumba macho. "Mimi nilimwambia gizani," alisema. "Miaka sita, Nekesa. Gizani tu."

Kisha akageuza uso. Alikuwa amesikia harufu. Nekesa alitoa leso mkobani, bado ina unyevu, akampa. Aliishika puani kwa mikono miwili, muda mrefu.

"Zabibu kavu," alisema. "Na sukari iliyoungua." Akapumua tena. "Ilikuwa tayari."

Nekesa angependelea amtukane.

Kiprop alimwomba asiifue. Wakaitundika kwenye msumari wa chandarua, karibu na uso wake. Lakini joto la Lodwar halibakizi kitu. Kabla jua halijatua leso ilikuwa imekauka, ngumu kama karatasi. Kiprop aliivuta, akainusa, akamrudishia mkewe.

"Wewe una pua nzuri. Bado ipo?"

Nekesa alinusa. Vumbi.

"Hapana," alisema.

Kiprop alinyoosha mkono hadi kwenye stuli, akaifudikiza bilauri.