Tundu la Bawa

Salimu alikuwa mkwezi wa minazi hodari kuliko wote Msambweni, na waliokuwa hawajalitambua hilo ni wanawe wawili tu. Wao walimhusudu mjomba wao, Abdurahman, aliyekuwa mlinzi wa banda moja Diani ambamo mlowezi mmoja alihifadhi ndege kuukuu za vita ili watu wazitazame.

Walikwenda huko bandani Idi pili, uhuru ukiwa na mwaka mmoja. Watoto walimwamkia mjomba shikamoo tatu tatu. Baba yao asubuhi ile alikuwa amepata moja, tena ya kuombwa. Udigoni husemwa mtoto ni wa mjomba. Salimu aliyajua hayo kabla ya kuoa, lakini kuujua mwiba si kuukanyaga.

"Ndege hii naiosha mimi, mwanangu," Abdurahman akamwambia Alfani, mwana mdogo wa Salimu.

Lile "mwanangu" likamwingia Salimu kama upupu.

"Mnazi wangu mfupi kabisa umelipita bawa hili," akasema. "Nami sina injini."

"Lakini baba," akasema Mwanapili, bintiye, "wewe hupanda ukarudi pale pale."

Mkewe, Mwanaima, akacheka ndani ya buibui. Salimu akavua viatu.

"Shemeji, hapo hapapandwi."

"Shemeji, wewe osha."

Mkwezi hupima kwa kisigino: hugonga, na mti ukiitika ndipo hutia uzito. Salimu akaparamia bawa, akagonga penye ubao, likaitika. Hatua ya pili hakugonga, na huko kulikuwa na kitambaa kilichopakwa rangi tu. Mguu ukazama hadi pajani.

Abdurahman akamchomoa taratibu, akampangusa vumbi. "Nitasema ni mimi, nilipokuwa naosha."

"Utafukuzwa kazi."

"Na nifukuzwe. Baba wa wanangu hataaibishwa mbele yao."

Hata tundu alitaka kumnyang'anya! Salimu angestahimili matusi, lakini wema huu ulimshinda. Mlowezi alipoingia na kuuliza nani aliyeharibu bawa, wanaume wawili wakajibu kwa pamoja: "Mimi."

Mlowezi akawatazama wote wawili, kisha akamwinamia Alfani.

"Ni babangu," mtoto akasema, akajisogeza kwenye mguu wa Salimu uliochubuka. "Mjomba hajui kupanda."

Salimu akahukumiwa kuangua nazi za shamba zima la mlowezi bila ujira. Akaitikia hukumu yake huku akimtazama shemeji yake kwa pembe ya jicho, kifua mbele, kama aliyetunukiwa nishani.